MLIMA ULIOZINGIRWA NA MAJI

Ikitajwa mbuga ya wanyama, wengi wetu huwaza Maasai Mara ama Tsavo. Kumbe nasi wa Kisumu tuna mbuga yetu ziwani! Nayo ni Kisiwa cha Ndere, kilichotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1986.

Ndere ni kilima kilichozingirwa na maji ya Ghuba ya Winam. Eneo lake ni kilomita mraba 4.2 tu. Ghuba hii imo katika tawi la Bonde la Ufa. Zamani sana ardhi ilipasuka ikadidimia, maji yakajaa pale chini. Hata hivyo, usidhani tuko chini sana, kwani ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari.

Haya, tukipande kilima kwa mawazo. Ukingoni kuna matete na mafunjo, makao ya kiboko, mamba na nzohe. Nzohe ni swala wa kinamasini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, kwa hivyo hazami matopeni. Akitishwa, hujizamisha majini akaacha pua tu! Ukipanda kidogo unakuta miti, halafu nyasi wanakolisha swala pala.

Je, hayo yatuhusu nini sisi wa Dunga? Yatuhusu sana. Mafunjo ya kwetu ni yale yale. Mizizi yake huzuia tope lisiingie ziwani, na ndani yake samaki wadogo huwakimbia mbuta, walioletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Akina mama nao husuka mikeka na vikapu.

Tofauti ni moja. Ndere hulindwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lakini mafunjo ya huku hukatwa na kuchomwa ili watu wapate mashamba. Mwaka 2020 ziwa lilifurika likadai ukingo wake, na waliolima ama kujenga pale wakapata hasara.

Wenzangu, wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Shamba la msimu mmoja ni msala upitao. Mafunjo ndiyo mbachao wetu. Tukate ya kusuka, kwa maana yataota tena, lakini mizizi tusiing'oe.