Mzee Anapochanganyikiwa Baada ya Upasuaji

Chukulia mzee wa miaka 74, mkazi wa Kiseke, aliyevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Asubuhi alizungumza vizuri. Usiku wa pili anamwita bintiye kwa jina la dada yake marehemu, anavuta mpira wa mkojo na kushikilia kwamba mtumbwi unamsubiri ufukweni. Ndugu wanatazamana. Mmoja anasema nusu kaputi imemharibu ubongo. Mwingine anataka atolewe wodini usiku huohuo, apelekwe kwa mganga.

Mzee huyo hajarogwa, wala si mwendawazimu. Amepatwa na mchanganyiko wa akili wa ghafla, ambao huanza ndani ya saa au siku chache baada ya upasuaji, hupanda na kushuka, na mara nyingi huzidi usiku. Wapo wasiopiga kelele kabisa: hulala kimya, hawali, huitika kwa shida. Hao ndio wanaosahaulika zaidi, kwa kuwa mgonjwa mtulivu hamsumbui mtu.

Hali ya pili huenda polepole: kumbukumbu na umakini hufifia kwa wiki au miezi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1998, uliohusisha wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na zaidi, ulionyesha kwamba takriban robo yao walikuwa na upungufu huo wiki moja baada ya upasuaji mkubwa; baada ya miezi mitatu, mmoja kati ya kumi. Wengi, basi, hurejea.

Je, dawa ya usingizi ndiyo yenye kosa? Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada wa mwaka 2021, kwa wagonjwa waliovunjika nyonga, ulikuta mchanganyiko wa akili ukitokea karibu sawa kwa waliolazwa usingizi na waliopewa ganzi ya mgongoni. Ubishi wa ndugu juu ya aina ya dawa hula muda usiostahili. Jeraha lenyewe huamsha uvimbe mwilini unaougusa ubongo. Huongezeka maumivu, maambukizi, upungufu wa maji, oksijeni au chumvi, kukosa usingizi, na dawa kama diazepamu na promethazini. Juu ya yote ni udhaifu wa kumbukumbu uliokuwapo kabla. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta wazee takriban 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau. Hukohuko kilibuniwa kipimo kifupi cha akili kisichomdai mzee kujua kusoma. Kipimo cha namna hiyo kifanywe kabla ya upasuaji, si baada ya ugomvi.

Mzee akichanganyikiwa, mhudumu apime sukari, oksijeni na joto, atafute malaria, maambukizi na mkojo uliozuilika, na apitie orodha ya dawa. Kumfunga kamba kitandani huzidisha hofu. Maumivu yatulizwe kwa saa maalumu. Mzee arudishiwe miwani yake, anyweshwe maji ikiwa daktari ameruhusu, asimamishwe mapema, mchana apate mwanga na usiku utulivu. Huko Marekani, mwaka 1999, utaratibu wa namna hii kwa wazee wa wodi za kawaida ulipunguza tatizo kutoka asilimia 15 hadi 9.9. Wao walitegemea watu wa kujitolea; hapa kwetu ndugu yupo tayari, mradi saa za kuona wagonjwa zisimzuie kukaa karibu na kumwambia mzee, kwa sauti anayoijua, yuko wapi na leo ni siku gani.

Kukataa upasuaji wa nyonga kwa kuogopa haya humwacha mzee kitandani, akingojea vidonda vya mgongo na nimonia. Akisharudi Kiseke, familia imwangalie: ikiwa miezi mitatu imepita na bado anapotea njia ya sokoni au hawezi kuhesabu chenji aliyoizoea, arudishwe kliniki.