Barua ya Sentensi Tano: Kumfundisha Mwanafunzi wa Afya Kupima na Kurejelea Vyanzo

Tarehe 10 Januari 1980, jarida la New England Journal of Medicine la Marekani lilichapisha barua fupi kwa mhariri, iliyoandikwa na Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Barua hiyo ilikuwa na sentensi tano tu. Ilieleza kwamba miongoni mwa wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni walau mara moja, ni wanne tu waliothibitika vya kutosha kupata uraibu bila kuwa na historia nao. Haikutaja wagonjwa walitumia dawa kwa muda gani wala kwa kipimo gani, na haikueleza yaliyowapata baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Barua ilisafiri mbali kuliko ushahidi wake. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walichapisha uchambuzi katika jarida hilohilo, wakionesha kuwa ilikuwa imerejelewa mara 608. Asilimia 72.2 ya waliorejelea waliitumia kuthibitisha kwamba uraibu hutokea kwa nadra, na asilimia 80.8 hawakutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Hivyo, wagonjwa wa wodini wakageuzwa kuwa wagonjwa wote, hata wanaomeza dawa nyumbani kwa miezi mingi. Kwa maoni ya watafiti hao, mtindo huo wa urejeleaji ulichangia janga la uraibu Amerika ya Kaskazini, kwa kuwaondolea waandikaji wa dawa hofu waliyostahili kuwa nayo. Jarida lenyewe liliambatanisha tahadhari na barua hiyo.

Barua haikudanganya. Kosa lilitokana na waandishi walioirejelea bila kuipima, na hilo ndilo ambalo mkufunzi anapaswa kulizuia mapema.

Maswali manne ya msingi

Kwanza, andiko hili ni la aina gani? Barua kwa mhariri, taarifa ya mgonjwa mmoja, jaribio linganishi la nasibu na mapitio ya kimfumo havina uzito sawa, hata vikitoka katika jarida moja lenye sifa.

Pili, nani walichunguzwa? Matokeo ya wagonjwa waliolazwa hayahamishiwi kwa wagonjwa wa nje bila ushahidi mwingine. Wala ya watu wazima hayahamishiwi kwa watoto.

Tatu, je, andiko bado linasimama? Makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, iliyohusisha watoto 12 na kuzua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji, ilibatilishwa mwaka 2010. Hifadhidata ya PubMed huweka alama kwenye makala zilizobatilishwa; mwanafunzi aizoee kuitazama.

Nne, je, mwandishi amekisoma anachokirejelea? Aliyekutana na andiko kupitia kwa mwingine anapaswa kukiri hivyo, au alitafute andiko lenyewe.

Zoezi la darasani

Mkufunzi ampe kila mwanafunzi sentensi moja yenye rejeo kutoka katika kitabu au mwongozo anaoutumia. Mwanafunzi atafute chanzo cha asili, kwa mfano kupitia mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, akisome chote badala ya kuishia kwenye ikisiri, kisha aandike kwa maneno yake iwapo chanzo kinasema kile kinachodaiwa. Baada ya hapo ndipo afundishwe mpangilio wa marejeo: jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jarida na kurasa. Rejeo lililopangwa vizuri lakini lisilosomwa humpotosha msomaji kwa adabu.

Kinachomhusu mgonjwa

Mgonjwa naye ana haki ya kumuuliza mhudumu: ushauri huu umetokana na utafiti gani, na waliochunguzwa wanafanana na mimi?

Hata hivyo, kisa hiki kisigeuzwe kuwa kosa la pili. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali anastahili nafuu. Atakayemnyima dawa hiyo kwa kurejelea janga la Amerika ya Kaskazini, bila kuuliza walioathirika walikuwa nani na walitumiaje dawa, atakuwa amefanya yaleyale yaliyofanyiwa barua ya mwaka 1980.