Huzuni ya Nafsi na Maradhi ya Mwili

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno ambalo vijana wa leo hulisikia kama hadithi ya kale, nalo ni kihoro. Mtu akifiwa na mwanawe, au akipotewa na mali yake yote, kisha naye akaanguka akafa kabla msiba haujapoa, walisema amekufa kwa kihoro. Kijana aliyesoma alicheka, akauliza: huzuni si kitu cha kushikika, basi yawezaje kuusimamisha moyo wa nyama na damu? Sisi nasi tulipokuwa vijana tulicheka, na leo twakionea haya kicheko kile.

Mwaka 1990 matabibu wa Kijapani, akiwamo Daktari Hikaru Sato, walieleza khabari za wagonjwa waliofika hospitali wakishika vifua kama watu waliopatwa na shtuko la moyo, nao walipopimwa mishipa ya moyo haikuonekana kuziba. Kilichoonekana ni kwamba sehemu ya chini ya moyo imelegea na kutuna, na shingo yake imebana, mfano wa chungu ambacho wavuvi wa kwao hukitumia kumtegea pweza. Kwa sababu hiyo maradhi hayo yakaitwa takotsubo, yaani chungu cha pweza. (Sisi pweza twamtafuta miambani maji yakitoka, lakini chungu hakuna asiyekijua.) Wengi katika wagonjwa hao ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na mara nyingi huwa wametanguliwa na msiba, khofu au ghadhabu kubwa, ama maradhi mengine mazito. Tetemeko la ardhi lilipoupiga mkoa wa Niigata, huko Japani, mwezi wa Oktoba 2004, wagonjwa wa namna hii waliongezeka katika siku zilizofuata. Walio wengi hupona kwa majuma machache wakitibiwa, lakini wako wanaokufa. Basi wazee hawakusema uongo.

Ajabu ni kuwa sisi Waislamu hatukuwa na haja ya kuyangoja hayo kutoka Japani. Surat Yusuf twaisoma na kuwasomesha watoto wetu, na ndani yake imo khabari ya Nabii Yaakub (A.S.), ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe, naye akiizuia huzuni ile kifuani. Yeye ni Nabii, na subira yake ni nzuri; juu ya hayo mwili wake uliumia. Kwa hiyo yule anayemwambia mgonjwa, "Ungekuwa na imani usingeumwa kwa mawazo," twamwuliza: je, imani yako imeishinda ya Yaakub?

Na namna jambo hili linavyokwenda mwilini ni hivi. Mtu akikutana na nyoka njiani, ubongo hupeleka amri kwa tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo, nazo humimina katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kortisoli. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, sukari huzidi katika damu, na damu hupungua tumboni ikaenda miguuni na mikononi ili mtu apate nguvu ya kupigana au kukimbia. Hii ni neema ya Mola wetu, na nyoka akishakwenda zake mwili hutulia. Lakini deni haliendi zake kama nyoka. Wala mume mkali haendi, wala karo ya shule. Mwili hukaa katika hadhari usiku na mchana, na hapo usingizi huharibika, presha hupanda, tumbo huvurugika, na kinga ya mwili hudhoofika. Huko Marekani, mwaka 1995, Bibi Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwalinganisha wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopotewa na akili kwa maradhi, na wanawake 13 wengine wa umri wao wasiokuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa jeraha dogo mkononi kwa ridhaa yake. Majeraha ya wale wauguzaji yalichelewa kupona kwa wastani wa siku 9.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa chuo ana nini na mambo ya matabibu? Tumeshika kalamu kwa ajili ya mtoto mmoja.

Alikuwa wa miaka minane, msikivu, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Mama yake alitujia akasema, "Maalim, uniwie radhi, mwanangu tumbo lamwuma kila alfajiri, na chakula hakikai." Nasi tukamjibu, "Huo ni uvivu, mama. Mlete." Akapewa dawa ya minyoo, akapewa mitishamba, na jirani mmoja aliposema ni hasadi akanyweshwa kombe, na kombe hilo tuliliandika kwa mkono wetu wenyewe. Tumbo lisipoe. Mwisho akapelekwa kwa daktari, akapimwa choo na damu, pasionekane kitu. Ndipo daktari akamwuliza mtoto mwenyewe ni siku gani haliumi. Akajibu: Alhamisi na Ijumaa.

Kila msomaji aliyepita chuoni ajua siku hizo ni za nini.

Mama alirudi kwetu ameinama, asijue aanzie wapi. Tulitaka kukasirika, kisha tukanyamaza, kwani jibu tulikuwa nalo. Kila asubuhi watoto walipanga mstari kudurusi somo la jana, na aliyekosea alionja bakora. Mtoto yule hakupigwa ila mara mbili katika mwaka mzima. Kilichomwumiza ni kule kungoja, akisikia wenzake wakilia mmoja baada ya mmoja mpaka zamu imfikie. Nasi tulidhani twamfundisha Qur'ani, kumbe tumbo lake likijifunza somo jingine.

Bakora tukaiacha, na yeye tukamtanguliza mstarini. Hatusemi alipona kwa siku moja; yapata miezi miwili maumivu yalikuwa yakija na kwenda, na ulimi wetu nao haukupoa upesi.

Aliyoyafanya daktari yule si mageni katika umma huu. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutazama mwili na kuisahau nafsi. Alisema kwamba kama mtu mzima awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua, ndivyo apasavyo kujiwekea fikra njema kabla ya msiba. Na huzuni ambayo mwenyewe haijui sababu yake aliihesabu kuwa yatoka mwilini, akataka itibiwe kwa dawa.

Tena kuna kosa la upande wa pili, nalo laua. Zamani ilisemwa kwamba vidonda vya tumbo ni mawazo tu. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakamgundua kijidudu akaaye tumboni, ambaye ndiye asili ya vingi katika vidonda hivyo, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Basi mwenye vidonda apimwe apewe dawa, na anayebanwa na kifua apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama jana amefiwa. Takotsubo na shtuko la moyo hazipambanuliwi kwa macho ya jirani.

Ama mwenye huzuni isiyo na hatari hiyo, Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamuru mfiwa apikiwe talbina, nao ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, kwa aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) kwamba uji huo humtuliza moyo na kumwondolea baadhi ya huzuni. Nyumbani kwetu huupika ukapelekwa siku ya nne, wageni wa matanga wakiwa wamekwisha kutawanyika na mfiwa amebaki na kuta zake. Shayiri ikikosekana hupikwa wa mtama. Aliyeupeleka hukaa naye mpaka aumalize, na mfiwa akitaka kulia huachwa alie.