Faida Yatoka Wapi? Mizani ya Duka Dogo la Kibuli

Kilima cha Kibuli katika mji wa Kampala kina mambo mengi ya kukipa sifa. Kileleni umesimama msikiti uliojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Karibu yake zipo shule na hospitali. Na hapo hapo kilimani ipo shule ya mafunzo ya polisi, pamoja na makao ya wapelelezi wa makosa ya jinai. Lakini mwenye kuteremka kilima hicho saa kumi na mbili za jioni hukutana kwanza na moshi wa majiko, harufu ya chapati, na akina mama waliopanga nyanya mafungu mafungu mbele ya vibanda vyao. Humo vibandani ndimo mishahara mingi ya askari inamoishia, na ndimo wake wengi wa askari wanamotafuta cha kuiongezea.

Biashara hiyo si mchezo wa kupitisha wakati. Askari hukaa katika chumba cha serikali, na siku anapostaafu chumba hurudishwa. Familia iliyokuwa haina kitu kingine hujikuta njiani na magodoro yake, ikiuliza njia ya kijijini ambako pengine watoto hawajawahi kulala hata usiku mmoja. Basi kibanda cha mama ndicho huamua kama siku hiyo itakuwa ya msiba au ya kuhama tu. Kwa sababu hiyo yapasa kuulizwa bila haya: je, faida ya kutosha yaweza kupatikana pasipo kumwibia jirani? Wako wengi wanaojibu kwamba haiwezekani, na kwamba biashara ni ujanja. Jibu lao lastahili kupimwa kwa hesabu, si kwa hasira.

Chukua mfano wa gunia la sukari la kilo 50 lililonunuliwa kwa shilingi 180,000. Kila kilo imegharimu 3,600. Ikiuzwa kwa 3,900, gunia zima huleta 15,000 juu ya bei ya kununulia. Toa 5,000 za bodaboda na 2,000 za mifuko na sukari iliyomwagika. Mfukoni zimebaki 8,000. Sasa mwuzaji huyo huyo na apunguze gramu 50 katika kila kilo. Gunia lake litatoa pakiti 52 na zaidi badala ya 50, na pakiti hizo za ziada zitampa kiasi cha shilingi 10,000. Ni dhahiri kwamba wizi wake umeizidisha faida ya gunia zaidi ya mara mbili. Ukweli huo usifichwe, kwa maana wahubiri wa biashara ya haki huuficha, na ndiyo sababu hawasadikiwi.

Lakini hesabu haijaisha. Mathalani familia moja ya kambini hununua dukani humo vitu vya shilingi 25,000 kila juma: unga wa posho, maharagwe, mafuta, sabuni, chumvi. Ikiwa mwuzaji hubakiwa na shilingi 8 katika kila 100, familia hiyo humpa 2,000 kwa juma, yaani 104,000 kwa mwaka. Siku mama wa familia hiyo anapoipima sukari yake kwenye mizani ya jirani na kuhamia duka la pili, umekwenda wizi wa magunia kumi. Tena haendi peke yake. Kambini maji huchotwa kwenye bomba moja, na habari ya mizani mibovu huenea bombani kabla ndoo hazijajaa.

Ndivyo ilivyo pia kwa wauzaji wa chakula. Vijana wa Kampala hupenda chapati iliyokatwakatwa na kumiminiwa maharagwe, chakula walichokiita kikomando, labda kwa kuwa hushibisha kwa bei ndogo. Mpishi anayekaangia mafuta yale yale mpaka yamekuwa meusi ameokoa shilingi chache, naye huzilipa siku ile mteja mmoja anapoumwa tumbo.

Mizani, hata hivyo, ni jambo jepesi. Jambo zito ni daftari la madeni. Mshahara huja mwisho wa mwezi, na njaa haisubiri tarehe. Mwenye duka asiyekopesha katika ujirani wa askari atauza siku kumi tu za mwezi. Naye anayekopesha kila aombaye atafunga duka kabla ya Krismasi au Idi, ipi itakayotangulia. Isitoshe, askari huhamishwa ghafla. Leo yuko Kibuli, kesho yuko Moroto, na deni lake limepanda lori pamoja naye.

Akina mama wenye busara wamejiwekea utaratibu. Deni huandikwa mbele ya mdaiwa, na mdaiwa huondoka na nakala yake. Kila nyumba ina kikomo chake, kikubwa au kidogo kwa kadiri ilivyolipa mwezi uliopita. Bei ya mkopo ni ile ile ya fedha taslimu, wala haiongezwi kwa siri. Na mtoto anapotumwa unga naye baba yuko kazini mbali, mama mwenye duka humpa nusu kilo, huandika, kisha hungoja. Hapo hesabu hunyamaza kidogo. Lakini huyo ndiye mteja ambaye, mshahara ukifika, huanzia kwake.

Kinyume chake yupo mkopeshaji anayeshika kadi ya benki ya askari pamoja na namba yake ya siri. Mshahara unapoingia, yeye ndiye wa kwanza kuutoa, na mwenye jasho hupewa masalio. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inayosimamia asasi ndogo za fedha na wakopeshaji inakataza kadi ya benki au kitambulisho cha taifa kushikwa kuwa rehani. Desturi hiyo haijafa. Mke ambaye hajaiona kadi ya mumewe kwa miezi mitatu ana haki ya kuuliza ilipo.

Liko jambo jingine ambalo familia za askari zapaswa kulikumbuka, nalo ni la mwaka 1972. Mwezi wa Agosti mwaka huo, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na maelfu ya maduka na viwanda vyao yakagawiwa watu wengine, wakiwamo askari wengi. Watu wakawaita wenye maduka hao wapya mafuta mingi. Wengi waliuza kilichokuwamo rafuni, wakala fedha, na rafu ilipokuwa tupu hawakujua bidhaa ilikotoka wala iliagizwaje. Ukaja ukosefu wa sukari, sabuni na chumvi, na magendo yakawa ndiyo soko. Katika miaka ya 1990 mali nyingi kati ya hizo zikarudishwa kwa wenyewe. Duka lililopatikana kwa bunduki halikumfundisha mwenyewe kazi. Hata leo, kibanda kinachokwepa kulipia leseni kwa sababu baba amevaa sare kinaishi kwa cheo chake, na cheo hustaafu.

Mbali na hapo, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, mafundi 28, baadhi yao wafumaji maskini, walifungua duka mwezi wa Desemba 1844. Walikuwa wamechoshwa na unga uliochanganywa vitu vingine na vipimo vya uwongo. Waliuza unga, siagi, sukari na vitu vichache vingine, vyote safi, kwa kipimo kamili na kwa fedha taslimu. Na faida wakaigawia kila mwanachama kwa kadiri ya manunuzi yake. Kutokana na duka hilo vyama vya ushirika vilienea duniani, Uganda ikiwamo. Chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo, cha wanajeshi wa Uganda, na kile cha Exodus, cha polisi, ni wajukuu wa duka la Rochdale. Mwenye kukopa humo hukopa katika fedha za wenzake, na riba humrudia mwanachama.

Jioni inapoingia Kibuli na taa zikawashwa, mwenye duka makini huhesabu mapato yake kabla ya kupika. Fedha huingia katika makopo matatu: la mtaji, ambalo haliguswi ila kwa kununulia bidhaa, la faida, lililo la nyumba, na la akiba, liendalo chamani mwisho wa juma. Maduka mengi madogo hufa kwa kopo la kwanza kuliwa polepole, kibiriti leo, mkate kesho, kuliko kwa wezi wa usiku. Kwa hiyo mwanawe akihitaji kalamu ya shule, mama huitoa rafuni, huchukua bei yake katika kopo la pili na kuitia katika la kwanza, kisha huandika daftarini: kalamu moja, nyumbani, imelipwa.