Shujaa wa Waya na Magazeti

Wako wanaonicheka ati mtu wa kidato cha tatu bado anacheza na vidoli. Hebu niwaeleze kazi yenyewe.

Superman alianza kuchapishwa Marekani mwaka wa 1938. Sanamu zake za plastiki zinauzwa, lakini bei si ya mtoto wa mlalahoi. Tena humpati dukani Luanda Magere, shujaa wa Waluo. Wazee husimulia kuwa mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa kwenye kivuli. Huyo ndiye niliyemtengenezea mdogo wangu.

Kwanza ni mifupa. Sokota nyaya mbili laini pamoja ili zisikatike upesi. Mashujaa huchorwa na urefu wa vichwa vinane. Basi kichwa kikiwa sentimita 2, mwili mzima ni 16.

Pili ni nyama. Chana magazeti vipande vyembamba, vipake uji mzito wa unga wa ngano, kisha uvizungushe kwenye waya. Magoti, viwiko na mabega yaache bila karatasi, la sivyo hatakunja kiungo. Kila tabaka lianikwe likauke kabisa, maana unyevu huleta kuvu.

Tatu, funga vijiwe kwenye nyayo. Shujaa asiyeweza kusimama ni shujaa gani? Mwisho mpake rangi, umpe mkuki wa kijiti.

Siku hizi mdogo wangu ndiye anayewasimulia wenzake habari za Magere. Nanyi mnaocheka, kumbukeni: mcheza kwao hutuzwa.