Vidonda vya kulala kwa wazee: kwenye ngozi nyeusi, usingoje wekundu

Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anaweza kuanza kuharibika ngozi ndani ya saa chache tu. Katika nyumba za wazee, pale mlezi mmoja anapohudumia watu wengi, kidonda kinaweza kugunduliwa kikiwa kimeshaingia ndani ya nyama.

Chanzo ni uzito wa mwili wenyewe. Ngozi ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti vizuri na nyama huanza kufa. Sehemu zilizo hatarini zaidi ni juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko na kisogo. Mkojo, jasho na kumburuta mzee badala ya kumwinua huongeza hatari.

Wauguzi hufundishwa kwamba dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Hapo mkono ndio unaosaidia: mlezi apapase sehemu hizo kila siku na kuzilinganisha na ngozi ya kando. Je, kuna joto au baridi isiyo ya kawaida? Pamekuwa pagumu au palaini mno? Rangi imezidi kuwa nyeusi? Mzee mwenyewe aulizwe panapouma.

Kinga haihitaji mashine. Kwa kawaida mzee hugeuzwe kila saa 2 hivi, kulingana na hali yake. Akilazwa ubavu, ainamishwe kidogo, nyuzi 30 hivi, asilalie nyonga moja kwa moja. Mto uwekwe chini ya miguu, kati ya goti na kisigino, ili visigino visiguse godoro. Saa ya kumgeuza iandikwe karibu na kitanda, ili wa zamu ya usiku ajue. Anayekaa kwenye kiti naye abadilishwe mkao. Chakula chenye maharage, mayai au sambaza husaidia ngozi kustahimili.

Mazoea mawili yaachwe: kusugua sehemu iliyobadilika rangi, na kumkalisha mzee juu ya mpira wa duara wenye tundu. Yote mawili yanaweza kuzidisha madhara.

Ngozi ikifunguka, ikitoa usaha au harufu mbaya, au mzee akipata homa, mganga aitwe siku hiyo hiyo. Nanyi jamaa mnaokwenda kumsalimia mzee wenu, ombeni kuona visigino na mgongo wake.