Kabla hujaposti sabufa ya "wati 10,000", soma kwanza nyuma ya boksi



Mimi niko Mnazi, wilaya ya Lushoto. Najua wengi mkisikia Lushoto mnawaza baridi na matunda, ila sisi tuko huku chini ya milima, kwenye joto na mkonge. Nina duka dogo la vifaa vya umeme, lakini wateja wengi nawapata kwenye simu: stetasi ya WhatsApp na magrupu ya Facebook. Elimu yangu ni kidato cha nne. Mambo ya spika sijasomea popote, nimejifunza kwa kufungua, kuunguza na kuwasumbua mafundi.

Leo nataka tuongelee spika za kuangalizia sinema nyumbani, zile watu wanaita hom theata, kwa mteja mwenye bajeti ndogo. Ukijua kumchagulia vizuri, anarudi. Ukikosea, anarudi pia, ila na boksi mkononi.

Mimi nilirudishiwa boksi. Nianzie hapo.

Kuna mzee mmoja hapa kwetu, alifanya kazi mashamba ya mkonge miaka mingi, upande wa korona, ile mashine ya kuchakata majani kuwa nyuzi. Alipopata hela yake ya uzeeni akataka spika za kuunga kwenye TV, aangalie mpira, taarifa ya habari na sinema na wajukuu. Aliona stetasi yangu: "SABUFA WATI 10,000, MZIKI WA KUTIKISA NYUMBA, 140,000 TU." Nilikuwa nimenakili maneno ya kwenye boksi, basi. Akalipa taslimu bila kupunguziwa hata mia.

Siku ya nne akaja dukani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hilo redio lako lina nguvu kweli. Nasikia ngoma, maneno siyasikii."

Hakufoka wala hakudai hela. Alidhani tatizo ni masikio yake. Hapo ndipo niliposhikwa na aibu, kwa sababu yeye aliamini tangazo langu kuliko masikio yake mwenyewe. Nikaenda kwake, nikazungusha vitufe vyote. Sabufa kubwa ilikuwa inanguruma, vispika viwili vya pembeni vilikuwa vidogo kama makopo ya maziwa. Mtangazaji wa habari alikuwa kama anaongea ndani ya pipa. Masikio ya mzee kweli hayako kama zamani, lakini hata mimi kijana sikuelewa nusu ya maneno.

Tokea siku hiyo nikaanza kujifunza upya. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. WATI ZA KWENYE BOKSI SIO ZA KUAMINI

Kuna wati za kweli, zinaandikwa RMS. Hizo ni nguvu ambayo spika inaweza kutoa mfululizo. Halafu kuna PMPO. Hii haina kipimo kimoja kilichokubaliwa, kila mwenye kiwanda anaandika namba anayoipenda. Ndiyo maana sabufa ya kubeba kwa mkono mmoja inaandikwa wati 10,000.

Ukitaka ukweli, geuza sabufa uangalie nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Kuna kibandiko kidogo, mfano: AC 220-240V, 50Hz, 60W. Hiyo 60W ni umeme inaoukula. Redio haizalishi umeme, inautumia. Ikiingiza wati 60 haiwezi kukutolea sauti ya wati 10,000 mfululizo. Itatoa chini ya hizo 60, maana nyingine zinapotea kama joto. Ya kwangu niliyomuuzia mzee ilikuwa inakula wati 60. Kilikuwepo hapo hapo nyuma muda wote, sikuwahi kukisoma.

Na hata hizo wati za kweli, mteja asizikimbilie sana. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Ili mtu asikie sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi, unahitaji desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo sabufa ya wati 30 za kweli na ya wati 50 za kweli, sebuleni hazipishani sana. Kwa sauti ya kawaida ya kuangalia TV, spika zinatumia wati chache mno.

2. MANENO HAYAKAI KWENYE SABUFA

Hili ndilo lililomtesa mzee. Sabufa kazi yake ni sauti nzito tu: ngoma, mlipuko, gari la kwenye sinema. Maneno ya mtu yanatoka kwenye vile vispika vidogo. Hasa herufi kama s, f, t na k, zinazokufanya utofautishe "saa" na "taa", ziko kwenye sauti za juu. Na masikio ya mtu mzima, au aliyekaa kwenye kelele za mashine muda mrefu, huanza kupoteza hizo hizo sauti za juu.

Kwa hiyo mteja wa sinema na habari usimwangalizie ukubwa wa sabufa, mwangalizie spika za pembeni. Mimi sasa napendelea zenye koni ya angalau inchi 3 na ndani ya boksi la mbao. Gonga ubavuni kwa kidole: ikilia nyembamba kama ndoo tupu, hata maneno yatatoka hivyo hivyo. Inyanyue pia. Kwa spika za bei yetu hizi, nyepesi mno mara nyingi sumaku yake ni ndogo.

3. 2.1, 3.1, 5.1 MAANA YAKE NINI?

Namba ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida, hiyo .1 ni sabufa. 5.1 maana yake mbili za mbele kushoto na kulia, moja ya katikati kwa ajili ya maneno, mbili za nyuma, na sabufa.

Sasa sikiliza vizuri hapa. 5.1 ya kweli inahitaji iletewe sauti sita tofauti. Angalia nyuma kama kuna tundu la HDMI, au tundu lililoandikwa OPTICAL, au matundu sita ya kuingiza sauti. Ukikuta matundu mawili tu ya kuingiza sauti, jekundu na jeupe, hizo spika tano zinapokea sauti mbili na kuzirudia. Mteja amelipia nyaya nyingi tu.

Halafu jiulize wateja wako wanaangalia nini. Huku kwetu wengi wanaangalia sinema zilizotafsiriwa, kama za Lufufu au za DJ Afro wa Kenya, kutoka kwenye flashi. Mule sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya sinema, na kwa kawaida ni sauti mbili tu, kushoto na kulia. Spika za nyuma hazina cha maana cha kusema. Kwa mteja huyo mwenye laki na kitu, 2.1 nzuri inaipita 5.1 ya bei hiyo hiyo, kwa sababu hela ileile imegawanywa kwa spika tatu badala ya sita.

4. ULIZA CHUMBA KABLA YA BEI

Zamani mteja akiandika "bei gani?" nilikuwa najibu bei. Sasa nauliza maswali manne:

- Chumba kina ukubwa gani?
- Unaangalia nini zaidi: mpira, habari, sinema au mziki?
- TV yako ina matundu gani nyuma? Nitumie picha.
- Unatumia umeme wa gridi au sola?

Swali la picha linaokoa sana. TV ikiwa na HDMI iliyoandikwa ARC, na spika nazo zikiwa nayo, waya mmoja unatosha. Zile za zamani zitatumia waya wa AV au tundu la hedifoni. Bluetooth ni nzuri kwa mziki, lakini kwenye sinema mara nyingine sauti inachelewa, mdomo unafunga halafu neno ndiyo linatoka. Mwambie mteja mapema.

Wa sola umuulize kabisa. Kama sola yake ni ya volti 12 bila inveta, anahitaji sabufa yenye tundu la DC 12V. Na wale wanaoagiza spika za mtumba kutoka Japani, muwe makini: umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma ya kupunguza, unanusa moshi sekunde hiyo hiyo.

5. KUPANGA NI BURE

Mara nyingi spika sio mbaya, zimewekwa vibaya. Mfundishe mteja haya, hayana gharama:

- Spika ndogo zikae usawa wa masikio ya aliyekaa, pande zote mbili za TV, zimwelekee. Sio sakafuni nyuma ya kochi.
- Sabufa ukiisukuma kwenye kona, mngurumo unaongezeka. Ukizidi, itoe konani.
- Kama maneno hayasikiki, punguza besi kwanza kabla hujaongeza sauti. Kitufe cha TREBLE kipandishe kidogo.
- Waya mwekundu uende kwenye nyekundu, mweusi kwenye nyeusi. Spika moja ikigeuzwa, sauti nzito zinauana.
- Spika ikiharibika, angalia namba ya omu. Redio imeandikwa omu 8 usiiwekee spika ya omu 4, itavuta umeme mwingi na kuchemka.
- Toa kitambaa juu ya sabufa! Najua mama amekifuma mwenyewe na kimependeza. Lakini kwenye joto la huku, redio isipopumua inaungua.

SASA, TANGAZO

Sabufa ile ile niliyomuuzia mzee, leo ningeiandika hivi:

"Sabufa 2.1. Inakula umeme wati 60. Inafaa chumba cha futi 10 kwa 12. Sabufa inchi 8, boksi la mbao. Spika za pembeni ni ndogo, kwa hiyo inafaa zaidi mpenda mziki, sio wa habari. Ina Bluetooth, flashi na redio. Nimeijaribu mwenyewe, video hii hapa."

Utasema hilo tangazo linafukuza wateja. Linafukuza wasio wake. Huku kwetu mzigo unatoka Kariakoo, unapanda basi mpaka Lushoto, unapita Mlalo, ndiyo unashuka Mnazi. Ukimpelekea mtu asichokihitaji, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote. Na kisheria pia, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa. Kusema "nimenakili kwenye boksi" sio kinga ya kutegemea.

MZEE ALIISHIAJE?

Nilimbadilishia. Nilimpa seti ndogo ya 2.1 yenye spika nzuri za pembeni, ambayo nilikuwa nauza 100,000, nikamrudishia 40,000 yake. Tukazipandisha juu ya meza, tukapunguza besi. Ilipofika taarifa ya habari akakaa kimya mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Kumbe huyu binti anaongea vizuri hivi."

Hesabu nawapa wazi, maana hapa tunafundishana. Ile kubwa ilinigharimu 105,000 mpaka Mnazi. Ndogo 78,000. Bodaboda za kwenda na kurudi kwa mzee 10,000. Ile kubwa iliyorudi niliiuza 110,000 kwa kijana wa saluni, nikamwambia imeshatumika siku nne na ni ya mziki. Jumla niliingiza 210,000, nikatoa 193,000. Faida 17,000. Kama ningemchagulia kila mtu cha kwake tangu mwanzo, hizo seti mbili zilikuwa zinanipa 57,000. Kwa hiyo kibandiko nisichokisoma kilinigharimu 40,000.

Mtu akiniambia "ungekaza tu, mzee asingedai", namjibu ni kweli, asingedai. Angekaa na ngoma zake akiamini masikio yamekufa. Mimi napita mbele ya nyumba yake kila siku kwenda dukani.

Basi leo kabla hujaposti, chukua sabufa uliyonayo, igeuze, piga picha kile kibandiko cha nyuma. Kiweke kwenye tangazo lako. Kama una swali la spika au hujui tundu gani linaingia wapi, tuma picha hapo chini, tutasaidiana. Na mwenzako anayeuza redio mtumie hii aisome.

Kazi njema, na Mungu abariki biashara zetu.